Rozmari Haina Dumuzi

Sijawahi kumwonea huruma mtu aliyeozesha giligilani. Nimeikuta katika majokofu mengi: fungu zima limesokomezwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko umepigwa fundo, ndani kunatoka jasho, majani yamegeuka ute mweusi, na mwenyewe amesimama pembeni anashangaa. "Jamani, si nimeinunua juzi tu!" Uliinunua juzi, ukaiua juzi hiyohiyo. Hata kuku wa kupeleka mnadani humzibi pumzi namna hiyo.

Mimi ni mtunza stoo ya mboga katika jiko la hoteli moja iliyoko ukingoni mwa kreta, Ngorongoro. Kule juu hairuhusiwi kulima hata shina moja la kitunguu, kwa hiyo kila jani tunalopika limetoka chini, Karatu au Rhotia, limepakiwa kwenye gari, limepita getini na kupanda mlima ndani ya ukungu. Gari la mboga haliji kila siku. Kazi yangu ni kulifanya jani lililokatwa shambani lisahau kwamba limekatwa, mpaka gari lirudi tena. Watu wakisikia hivyo hucheka. Wanadhani kazi ni kukata nyama.

Giligilani na mnanaa navipunguza vikonyo, navisimamisha kwenye bilauri yenye maji ya kufunika miguu tu, juu nafunika na mfuko uliolegea, kisha naingiza kwenye jokofu. Maji yakianza kubadilika rangi nayamwaga. Siyaoshi majani mpaka yatakapokwenda kupikwa, maana jani lililolowa likiwekwa linaoza. Rozmari mbichi naiviringisha kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo. Mrehani ndio wenye madeko: jokofu unalichukia, ukiulaza humo asubuhi unaamka mweusi kama umepigwa. Huo nauweka kwenye glasi karibu na ukuta wa tanuri la mkate, penye uvuguvugu. Hii si elimu ya chuo. Ni adabu tu ya kutazama kitu na kujiuliza kinataka nini.

Adabu hiyo shefu wetu hana. Alitoka Arusha na visu vyake kwenye mkoba wa ngozi, akaanza kwa kuulaza mrehani kwenye jokofu. Nilipomwambia aliniita "sista" na kunieleza kwamba baridi inahifadhi. Kesho yake mrehani ulikuwa mweusi, naye akalilaumu jokofu. Kisha akachukua makopo yangu ya majani makavu, yale niliyoyafungia kabatini gizani, akayapanga kwenye rafu juu ya jiko ili wageni wakichungulia waone uzuri. Juu ya jiko! Moto chini, mvuke pembeni, dirisha mbele. Majani makavu yanataka giza, ukavu na mfuniko unaobana, na yanataka kuwekwa mazima, yavunjwe siku ya kupika, kwa sababu ukishayasaga harufu inaaga. Yeye aliyasaga yote. Nikawa nayarudisha kabatini, anayatoa, nayarudisha. Tumeishi hivyo mpaka leo, kwa amani ya watu wasiosemeshana.

Lakini shefu ni mtu wa kuja na kuondoka. Mtu niliyegombana naye kwa dhati juu ya majani ni mama mkwe wangu.

Hatujawahi kupendana, na sioni sababu ya kuzunguka. Yeye anaona mwanawe alioa mwanamke anayewapikia watu baki milimani huku mume akijisongea ugali. Mimi namwona mtu anayejua kila kitu kabla hujafungua mdomo. Mara ya kwanza aliponiona nyumbani kwangu nimesimamisha mnanaa kwenye bilauri, aliuliza kama ni maua ya altare. Akawasimulia na majirani. Kwa muda mrefu nilipopita njia ya kanisani kulikuwa na mama mmoja au wawili walionisalimia wakitabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

Anaishi Rhotia, nyumba yetu na yake zikitazamana, kwenye kiwanja cha kando ya barabara. Baba mkwe alipofariki, shamba la mahindi na maharage liligawanywa kwa watoto wa kiume. Yeye alibaki na nyumba yake, na uzio. Uzio huo ni wa rozmari, aliupanda mwenyewe tangu akiwa bi harusi, na umenenepa mpaka mbuzi hapenyi. Kwa watu wote ulikuwa uzio tu. Kwa mume wangu ulikuwa kero, maana umekaa palepale anapopataka ajenge fremu za maduka zitazame barabara.

"Mama, huo uzio unakupa nini?" alikuwa akimuuliza.

Hakuwa na jibu, mpaka mimi nilipompa. Nilimwomba meneja wa hoteli tununue rozmari kwa mama mkwe, mbichi gari linaposhuka, na kavu ya kuweka akiba kwa mkate na chai ya wageni. Sikufanya hivyo kwa upendo. Rozmari yake ilikuwa nzuri, na mimi nilichoka kupokea matawi yaliyosafiri kutoka mbali yakiwa yamechoka kuliko dereva. Meneja akakubali, akaja na kamera, akampiga mama mkwe picha amekumbatia matawi, na picha hiyo ikatundikwa ukutani mapokezi. Wageni huipiga picha hiyo picha. Sijui wanakwenda nayo wapi.

Mume wangu akanywea. Wakapatana, mbele yangu, kwamba muda wote hoteli itakaponunua, uzio hautaguswa. Siku hoteli ikiacha, unang'olewa. Mama mkwe akaanza kutoa sadaka yake mwenyewe kanisani bila kumgeukia mtoto yeyote. Alitembea tofauti. Hata mimi niliona, ingawa sikumwambia.

Sasa, kukausha. Mara ya kwanza alikausha rozmari kama anavyokausha kila kitu: akatandika turubai uani, jua la saa sita linawaka, akaimwaga pale pamoja na maharage, akawa anaigeuza kwa mguu. Niliporudi nyumbani siku za mapumziko nikaikuta imekuwa nyasi za kahawia zisizo na harufu ya kitu chochote isipokuwa vumbi.

"Mama, hii umeichoma," nikasema.

"Imekauka."

"Imekauka na imekufa. Majani hayaanikwi juani."

"Mimi nimeanika vitu kabla wewe hujazaliwa."

Nikamwonyesha. Matawi yafungwe mafungu madogo, yaning'inizwe vichwa chini kwenye kile chumba chake cha nyuma, penye kivuli na hewa inayopita. Ukivunja jani likalia, limekauka, likikunjika, bado. Alinisikiliza akitazama pembeni, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Lakini akafanya. Ndoo zilizofuata zilikuja juu zikiwa safi, majani mazima, ya kijani, na mimi nilizipokea bila kusema neno, maana kumsifu mama mkwe ni kazi nyingine ambayo sikuajiriwa kuifanya.

Ikaja ile ndoo.

Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, ukungu umelala mpaka mlangoni kwa jiko. Dereva alishusha mboga, na mwishoni akanipa ndoo ya mama mkwe, mfuniko umezungushiwa selotepu kwa uangalifu usio wa kawaida yake. Niliifungua nikiwa tayari kukasirika, ndiyo hali yangu kila gari linapofika. Majani yalikuwa mazuri. Mazima, makavu, ya kijani. Ila yalikuwa na unga mweupe mweupe juu yake, kama yamepita mashineni, na harufu iliyopanda haikuwa ya rozmari. Aliyelelewa Karatu haulizi hiyo ni harufu gani. Ni harufu ya ghala baada ya mavuno.

Alikuwa ameweka dawa ya dumuzi.

Kwa asiyemjua, dumuzi ni yule mdudu anayeingia kwenye gunia la mahindi na kukuachia vumbi. Kwetu kila mtu anamwogopa. Mkulima wetu akishakausha kitu kikakauka sawasawa, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye pakiti ya dawa ya unga: unachanganya, unapakia, unafunga, unalala usingizi. Mahindi hayo yatakaa muda wake, yatapepetwa, yatakobolewa, yataoshwa. Rozmari haioshwi. Inatoka kwenye kopo inaingia kwenye mkate, au kwenye birika la mgeni. Na dumuzi gani huyo anayekula rozmari? Watu wanaiweka kabatini kufukuzia wadudu! Nilisimama na ile ndoo nikatukana kwa sauti. Nilimwita mama mkwe wangu majina ambayo sitayaandika, kwa kuwa mume wangu anajua kusoma.

Shefu akatokea nyuma yangu, mikono ina unga wa ngano. "Sista, lete hiyo, nina mkate hapa."

"Usiguse. Imewekwa dawa ya mahindi."

"Dawa gani?"

"Ya wadudu. Sumu. Rudi nyuma."

Alitazama ndani, akanusa, akaruka. Kisha akacheka. Alicheka mpaka waosha vyombo wakaja kuona. "Hii ni noma! Bibi anataka kutumaliza!" Akatoa simu apige picha, nikashindilia mfuniko karibu nimbane vidole. Nilikuwa nimemtukana mama mkwe dakika hiyohiyo, lakini kumtukana kwangu ni mambo ya ukoo. Huyu alikuwa anamcheka kama nani?

"Imekwisha hiyo," akasema. "Kuanzia sasa naagiza Arusha, ya chupa. Mambo ya vijijini basi."

Nilikwenda kwa meneja moja kwa moja, na ndoo mkononi, nikamweleza jambo lilivyo bila kupunguza. Nilisema dawa imewekwa, nilisema hakuna aliyekula, nilisema ndoo za nyuma zote nilizikagua mwenyewe zilikuwa safi. Na nikasema nitakwenda kumfundisha. Nilitegemea aulize juu ya afya ya wageni. Aliuliza hilo pia, nisimsingizie, lakini baada ya kufikiri akasema, "Tatizo ni picha. Picha yake iko pale mapokezi, wageni wanaipenda. Nikiitoa nitaweka nini?"

Ndivyo oda ilivyonusurika. Haikuokolewa na ladha wala harufu, wala na kazi ya mtu yeyote. Iliokolewa na msumari uliokwisha kupigiliwa ukutani. Aliniambia nikishuka nimletee rozmari nyingine, isiyo na dawa hata chembe, na nikiirudisha tena na dawa, ni mwisho. Nikamwambia sawa. Ile mbaya nikaiandikia SUMU kwa kalamu nene, nikashuka nayo siku yangu ya mapumziko nikaizike mbali na maji na mifugo.

Nilifika Rhotia mchana. Bodaboda alinishusha mbele ya uzio, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa mume wangu, ameinama kandokando ya rozmari na tepu ya kupimia. Habari alikuwa nazo: gari la hoteli lilipita, na maneno yalipita nalo. Madereva hawana siri.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Nikamsalimia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wamezipenda?"

Aliuliza hivyo, ndoo ikiwa mkononi mwangu, na neno SUMU limemtazama. Yeye hasomi. Mume wangu anasoma, na uso wake ulichangamka kwa namna iliyoniudhi.

"Mama, umeweka dawa ya mahindi humu."

"Nimeweka," akasema, na akanyoosha mgongo. "Mpya. Nilikwenda mwenyewe mpaka mjini kununua. Sikuweka ile iliyobaki mwaka jana."

"Kwa nini umeweka dawa, Mama?"

"Zikae. Si ulisema zinatakiwa kukaa?"

Hapo nikamwaga yote niliyokuja nayo. Kwa heshima, nikimwita Mama kila nikivuta pumzi, lakini niliyamwaga: kwamba majani hayaoshwi, kwamba ile ni sumu, kwamba mtu angeweza kulazwa hospitali, kwamba jiko zima limecheka. Alisikiliza bila kutazama pembeni safari hii. Nilipomaliza alifuta viganja kwenye kitenge chake, ingawa vilikuwa vikavu.

"Kuna mtu amekula?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Mama. Niliifungua mimi."

Mume wangu akakunjua tepu kidogo, ikatoa ule mlio wake. "Basi Mama, umeona mwenyewe," akasema kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Biashara imekwisha. Tulipatana."

"Haijaisha," nikasema. "Meneja anataka nyingine. Leo nikirudi nirudi nayo. Bila dawa."

Tepu ikarudi ndani. Nilimtazama mama mkwe nikitegemea afurahi. Badala yake akatikisa kichwa.

"Bila dawa siwezi."

Nilidhani ni ule ukaidi wake wa siku zote, na nikahisi hasira ikinipanda upya. Mtu ameokolewa uzio wake anausukuma mwenyewe kwenye shoka!

"Mama, huwezi kwa nini?"

"Zisizo na dawa ni zile ninazokunywa mimi. Dawa ilikuwa ndogo, ikatosha za wageni tu. Zangu nikaziacha hivyohivyo." Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Sasa mtu ametoka kwao huko, amepanda ndege, nimpe kitu ninachokunywa mimi?"

Nikamwomba anionyeshe zake. Aliingia ndani shingo upande, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililokuwa mvunguni mwa kitanda. Nikafungua mfuniko. Harufu ilinipiga usoni. Majani yalikuwa mazima, ya kijani kama yametundikwa jana, na nilipovunja moja lililia. Mvunguni: giza, ukavu, mfuniko unaobana. Katika miaka yote ya stoo sijapokea rozmari iliyotunzwa vizuri kuliko ile.

"Mama, hizi ndizo wanazozitaka."

"Unanicheka."

"Sikucheki."

"Siku zote unanicheka. Juu ya turubai ulinicheka. Leo umekuja na ndoo unanicheka." Alilichukua kopo, akalikumbatia kifuani. "Mnicheke na wageni wenu, lakini hizi ni zangu, siuzi takataka zangu."

Niliumia. Nasema niliumia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemsifu kweli, na sifa haikupata pa kuingilia. Nikasema tena kwamba ni nzuri, nikaapa, na kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kulibana kopo. Mume wangu alikuwa amesimama anasubiri, kidole kiko kwenye tepu.

Nikamgeukia yeye. "Na wewe kunja hilo li-tepu lako! Unapima nini kwenye kiwanja cha mtu aliye hai? Kama ni fremu, kajenge mbele ya dirisha letu, tulale na matangazo ya bando. Mama yako ana oda mezani, wewe una nini? Huna hata mteja wa mchicha!"

Alimtazama mama yake kutafuta msaada, na mama yake alikuwa ananitazama mimi.

Sijui maneno gani yalimfikia. Ila najua kwamba wema wangu hakuwahi kuuzoea, na ukali wangu anaujua vizuri, na safari hii aliuona unaelekea upande mwingine. Mikono yake ililegea kwenye kopo. Alinyanyuka, akaingia jikoni, akaweka maji motoni, na chai ya rozmari ilipoiva akanimiminia kwenye kikombe cha maua, kile anachomwekea padri akija. Akasimama mbele yangu mpaka nikanywa.

"Kweli ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii, Mama."

Mume wangu alikuwa amekwisha kuondoka, na tepu yake mfukoni. Mama mkwe akatandika kitambaa safi juu ya kigoda, akaanza kumwaga majani kutoka kwenye kopo lake, taratibu, asiyavunje. Alimwaga karibu yote. Akafunga ncha za kitambaa, akanikabidhi, na sauti yake ya siku zote ikamrudia.

"Na wewe ungesema mapema kwamba na wao wanakunywa kama sisi," akasema, "nisingetupa hela yangu dukani."